Konde la Kilo 53

Aliyenipiga ngumi nzito kuliko zote maishani mwangu alikuwa na kilo 51. Nakumbuka kwa sababu tulipimwa wote wawili asubuhi ile kwenye mizani ya bohari moja la mkonge hapa Tanga. Mimi nilikuwa na 53 na nusu, nikamcheka. Miguu yake kama mipini ya jembe, shingo imesimama kama ya kuku aliyeona mwewe. Raundi ya pili, tena nikiwa naongoza, niliinua kiwiko kidogo tu kukinga uso, nikasikia kitu kimeingia chini ya mbavu za kulia. Sekunde ya kwanza hakikuuma kabisa. Sekunde ya pili miguu ikagoma. Nikapiga goti kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka, refa akahesabu, na kila namba niliisikia vizuri, akili timamu, mwili haupo. Ini hilo. Mpaka anafika kumi nilikuwa bado naitafuta shilingi.

Nimekumbuka haya kwa sababu ya mpwa wangu. Ananisaidia kazi ya kutengeneza friji, kijana mzuri, ila mdomo wake hauna breki. Juzi tunabadilisha kompresa akaniambia, "Mjomba, hawa wadogo wadogo wanapapasana tu. Ngumi ni Tyson." Nikaweka bisibisi chini. Kazi ya mteja ikalala mpaka saa kumi jioni, na huyo mteja naomba radhi hapa hapa.

Ngumi za watu wadogo nilizijua kabla hata sijavaa glavu. Kaka yake mama alikuwa baharia, na kila akirudi alileta majarida ya ngumi ya Kizungu, mengine hayana jalada, mengine yamelowa chai. Kusoma hatukuwa tunaweza vizuri, lakini picha hazina lugha. Hapo ndipo nilipowaona Wamexico wawili wembamba, mmoja mrefu na mwingine mfupi, na chini yao namba ambazo tulidhani zimekosewa na mtambo wa chapa.

Namba zenyewe ni hizi. Tarehe 23 Aprili 1977, ukumbi wa Forum, Inglewood, California, Carlos Zárate alipanda ulingoni akiwa ameshinda mapambano 45 kati ya 45, na 44 kati ya hayo kwa KO, yaani mpinzani kamalizwa kabla ya raundi kwisha. Alfonso Zamora alikuwa ameshinda 29 kati ya 29, yote kwa KO. Jumlisha: ushindi 74, watu 73 hawakufika kengele ya mwisho. Wote wawili walikuwa uzito wa bantam, pauni 118, yaani kilo 53 na nusu, uzito wangu mimi siku ile ya ini. Zárate alikuwa na mkanda wa WBC, Zamora ana wa WBA, vyama viwili vya ngumi vya dunia, na kwa kuwa wakubwa wa vyama hivyo hawakuelewana, pambano likawa la raundi kumi lisilo na ubingwa. Mabingwa wawili wa dunia wanapigana bila mkanda! Utafikiri wali wa harusi umepikwa halafu ndoa imeahirishwa.

Nilimwonyesha mpwa wangu pambano hili kwenye simu. Raundi ya kwanza haijaisha, mtu mmoja wa jukwaani akapanda ulingoni na suruali yake ya mazoezi, polisi wakaja kumchomoa. Mpwa akacheka, akadhani ni vichekesho. Kisha akanyamaza. Zamora ndiye aliyeanza vizuri. Mfupi, kifua kipana, anarusha makonde ya kuzungusha ambayo hata yakigonga mikono unaona mtu anasogea. Zárate, mwenye urefu wa futi 5 na inchi 8, alikuwa anatazama tu kama fundi seremala anayepima mbao. Raundi ya tatu ikielekea mwisho akamwangusha. Ya nne akamwangusha mara mbili zaidi, taulo likaruka kutoka kona ya Zamora. Aliyelirusha ni baba yake, na baba huyo huyo akavuka ulingo kwenda kumvamia Cuyo Hernández, meneja wa Zárate. Zamora mwenyewe aliwahi kuwa chini ya Hernández kabla baba yake hajamchukua. Ugomvi wa nyumbani umemalizwa mbele ya kamera.

"Sasa huyo ndiye aliyepiga zaidi kuliko wote?" mpwa akauliza. Hapo ndipo somo linapoanza, na ndicho kilichonifanya niandike.

Rekodi ya KO ni kama mzani wa muuza nazi, usisome tu mshale, angalia na kilichowekwa upande wa pili. Bondia akiandaliwa vizuri na promota wake anaweza kulaza watu 30 ambao hata mimi na ini langu ningewalaza. Mimi huwa nauliza swali moja tu: siku mtu aliyesimama mbele yake alipokataa kuanguka, alifanya nini? Zárate katika mapambano yake 52 ya mwanzo alikutana na mtu wa namna hiyo mara moja tu, Víctor Ramírez, aliyesimama naye mpaka raundi ya mwisho mwaka 1974. Akashinda kwa pointi, akaendelea na kazi yake ya kulaza watu. Hatukujifunza mengi hapo.

Tulijifunza mwaka 1978, tarehe 28 Oktoba, San Juan, Puerto Rico. Zárate sasa ana 52 na 51 kwa KO. Akapanda uzito hadi pauni 122 kumfuata Wilfredo Gómez, aliyeitwa Bazooka, mwenye ushindi 21, wote kwa KO, na sare moja aliyoipata siku anaanza ngumi za kulipwa. Mahesabu haya mpwa wangu aliyafanya kwa kalamu kwenye kiganja: ushindi 73, KO 72. Nikamwambia yuko sahihi, aache kuchafua mkono.

Gómez hakuwa na konde moja zito kama la Zárate. Nalisema hilo na nitalisimamia hata mkinicheka. Mkono wa kulia wa Zárate ulinyooka kama mstari wa fundi mwashi na uliishia kwenye kidevu. Lakini Gómez alikuwa na miguu. Alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1974 kule Havana, na mtu aliyelelewa kwenye ngumi za ridhaa anajua kwamba konde linaanzia kisiginoni. Anapiga, anahama, unapomtafuta ulipomwacha unakuta hewa, na konde la pili linatoka upande ambao hukuulinda. Raundi ya nne Zárate alianguka. Kuna ngumi nyingine iliyomfika baada ya kengele kulia, Wamexico hawajaisamehe mpaka leo, na mimi nawaelewa. Raundi ya tano ikaisha biashara. Mashabiki wa Zárate husema alikuwa mgonjwa na uzito ulimsumbua kuushusha. Inawezekana. Aliyewahi kulala na njaa siku tatu ili mizani ikubali anajua kwamba konde ndilo la kwanza kuondoka, kabla hata ya pumzi. Mimi niliwahi kutafuna ndimu na kutema mate kwenye kopo usiku kucha ili nishushe nusu kilo, na kesho yake nilikuwa napiga kama mtu anayefukuza nzi kwenye sahani.

Gómez alitetea mkanda wake wa WBC wa pauni 122 mara 17, na wote 17 aliwamaliza kabla ya mwisho. Hakuna jaji hata mmoja aliyepata kazi. Lakini kabla hatujamvika taji, kuna jambo ambalo vijana wa huku kwetu hawalijui, nami hulisema kila nikipata mtu wa kunisikiliza: mkanda ule ulianza na mtu wetu.

Philip Waruinge wa Kenya. Uzito wa unyoya, ule ulio juu kidogo ya pauni 122, dhahabu ya Jumuiya ya Madola 1966 na 1970, shaba ya Olimpiki Mexico 1968, na mwaka ule ule akapewa tuzo ya Val Barker ya bondia bora wa Olimpiki ile, ingawa shingoni ana shaba. Fikiria, waamuzi wamemnyima fainali halafu wanampa tuzo ya ubora. Munich 1972 akachukua fedha, katika michezo ile ile ambayo Zamora, huyu mfupi wa hapo juu, alichukua fedha ya bantam. Baadaye Waruinge akaenda Japani kupigana ngumi za kulipwa, wakampa jina la ulingoni Waruinge Nakayama. WBC walipoanzisha uzito wa pauni 122, pambano la kwanza kabisa la kuugombea mkanda lilifanyika Panama City tarehe 3 Aprili 1976, Rigoberto Riasco dhidi ya Waruinge. Riasco, akiwa nyumbani kwao, akashinda raundi ya nane. Riasco akaupoteza kwa Royal Kobayashi wa Japani, Kobayashi kwa Yum Dong-kyun wa Korea Kusini, na Yum akaupoteza kwa Gómez mwezi Mei 1977. Yote ndani ya miezi kumi na minne. Waruinge hakuwa mlaza watu, alikuwa fundi, mtu wa kukufanya upige hewa mpaka ukajichukia. Ila nikiutazama mkanda wa Gómez, namwona yeye mlangoni.

Na mwishoni mwa Gómez yupo Mwafrika mwingine. Kwanza Gómez alivunjwa na Salvador Sánchez wa Mexico, Las Vegas, Agosti 1981. Alikwenda kwenye unyoya na rekodi ya KO 32 katika ushindi 32, raundi ya kwanza tu akajikuta amekaa chini, na raundi ya nane mwamuzi akamwokoa, uso umevimba hauna tena umbo. Sánchez akafariki kwa ajali ya gari mwaka uliofuata. Gómez akaupata mkanda wa unyoya baadaye, ndipo Azumah Nelson wa Ghana akamfuata huko huko San Juan, tarehe 8 Desemba 1984, akamlaza raundi ya 11 mbele ya ndugu zake. Hilo pambano mjomba baharia aliliona picha zake tu, lakini alilisimulia kama alikuwa amekaa kona ya Azumah akishika ndoo.

Nilipofika hapo mpwa akasema, "Kwa hiyo Gómez." Nikamwambia atulie.

Maana kuna Rubén Olivares. Kabla ya Zárate kulikuwa na huyu, naye Mexico City, naye bantam. Meno ya mbele yana pengo, nywele kama brashi, anacheka hata kwenye mizani. Mwaka 1969 alimmaliza Lionel Rose wa Australia raundi ya tano na kuchukua ubingwa. Konde lake la kushoto la kuzungusha halikuwa na haraka, lakini lilijua njia. Kilichonifanya nimpende zaidi ya wote si KO zake, ambazo ni zaidi ya 70. Ni Chucho Castillo. Walipigana mara tatu, jumla raundi 44. Ya kwanza Olivares alishinda kwa pointi, ya pili akachanika jichoni na kusimamishwa raundi ya 14, ya tatu akashinda tena raundi zote 15. Huyo Castillo hakulala! Wapiga makonde wengi ukiwapa mtu asiyelala, kufika raundi ya nane wanaanza kumtazama kocha kama watoto waliopotea sokoni. Olivares aliendelea kupiga. Starehe ndizo zilizommaliza, mwenyewe hakuwahi kuficha kwamba alipenda usiku kuliko mazoezi. Na hata yeye Mghana alimpitia: David Kotey, Septemba 1975, Forum ile ile, kwa pointi, akawa bingwa wa kwanza wa dunia kutoka Ghana. Wamexico walikuja kumwona Olivares wakaondoka wanajifunza kutamka Kotey.

Nikitoka bara la Amerika nakutana na Khaosai Galaxy wa Thailand, uzito wa pauni 115. Mkono wa kushoto, alitokea kwenye ngumi za mateke za kwao. Ushindi 47, KO 41, kipigo kimoja, alitetea ubingwa mara 19 kuanzia 1984 hadi alipostaafu 1991 na mkanda kiunoni. Hakuwa na urembo wowote. Anakuja mbele, anakuja mbele, halafu kushoto tumboni. Mimi siwezi kumtazama zaidi ya raundi mbili, nikimwona anavyoingia chini ya mbavu mkono wangu unakwenda wenyewe kushika ini.

Prince Naseem namtaja kwa ajili ya mzee mmoja Mshihiri aliyekuwa na duka hapa Ngamiani. Naseem Hamed alizaliwa Sheffield kwa wazazi kutoka Yemen, na kwa mzee yule hilo lilitosha kabisa kumfanya mtoto wake. Usiku wa Desemba 1997, Naseem na Kevin Kelley kule New York, kila mmoja alimwangusha mwenzake mara tatu katika raundi nne, Naseem akashinda. Wiki nzima ile sukari tulipunjiwa, mzee haangalii mizani, anarusha ngumi hewani. Naseem alipiga akiwa ameegemea nyuma, miguu imepishana, kila kitu ambacho kocha wangu angenichapa fimbo kwa kukifanya. Na bado watu walilala. Nguvu kama ile ni ya kuzaliwa, haifundishiki. Lakini swali langu ni lile lile, na Aprili 2001 Marco Antonio Barrera alikataa kuanguka. Naseem hakuwa na jibu kwa raundi 12. Mzee alifunga duka siku mbili, akasema anaumwa mafua.

Sasa kuna la uzito zaidi, nalo nilimwambia mpwa bila mzaha. Watu waliodhani wadogo wanapapasana wangemuuliza Johnny Owen, kama angekuwepo. Kijana wa Wales, mrefu mwembamba, bantam. Tarehe 19 Septemba 1980, Los Angeles, alipigana na Lupe Pintor. Huyu Pintor naye alitoka kwa Cuyo Hernández, na ndiye aliyempokonya Zárate mkanda mwaka 1979 katika uamuzi ambao jaji mmoja alimpa Zárate kwa tofauti kubwa na wawili wakampa Pintor kwa pointi moja moja. Zárate alichukia, akaacha ngumi miaka mingi. Owen alikwenda vizuri na Pintor mpaka katikati, akaanza kuishiwa, na raundi ya 12 konde la kulia likamlaza. Hakuamka tena. Alifariki tarehe 4 Novemba, baada ya zaidi ya wiki sita za kuzimia. Kilo 53 na nusu dhidi ya kilo 53 na nusu.

Huko huko Wales, miaka mingi nyuma, alitoka mdogo kuliko wote. Jimmy Wilde, mchimba makaa ya mawe tangu utotoni, bingwa wa uzito wa fly, ulio chini ya bantam, kuanzia 1916, waliyemwita mzuka wenye nyundo mkononi. Mara nyingi hakufikisha hata kilo 49, na alipigana na wanaume waliomzidi kilo saba, nane, kwenye mabanda ya gulio, mmoja baada ya mwingine, siku moja. KO zake zinakaribia 100. Filamu zake ni chache na zinakimbia kama kuku, lakini unaona siri yake: mikono iko chini, anasubiri wewe uje. Nguvu nusu yake, nusu ni mwendo wako mwenyewe. Gari likikugonga umesimama ni tofauti na likikugonga unalikimbilia. Kijana wa mkonge aliyenipiga ini alifanya hivyo hivyo. Nilikuwa naingia.

Basi hukumu yangu, kwa wanaotaka hukumu. Konde moja, kama ni lazima nisimame mbele ya mtu nilipokee: simtaki Zárate katika pauni 118. Kumtazama apige mwanzo mpaka mwisho: Gómez. Mtu wa kumpa fedha zangu siku mpinzani ana kichwa cha jiwe: Olivares, mradi asiwe ametoka dansini. Na Wilde nampa heshima ya mzee, simuweki kwenye mzani mmoja na watu waliokula vizuri.

Mpwa hakukubali. Anasema Naoya Inoue wa sasa, aliyekusanya mikanda yote minne ya bantam kisha yote minne ya pauni 122, angewalaza wote usiku mmoja. Nimemwambia Inoue namheshimu sana, lakini Luis Nery alimkalisha chini raundi ya kwanza Tokyo mwaka 2024, na Nery si Zárate. Akasema Inoue aliinuka akashinda. Hapo akanishika, maana ni swali langu mwenyewe amenirudishia.

Kesho tunatazama Gómez na Pintor, New Orleans, Desemba 1982, raundi 14. Nimemwambia aje na bando lake, langu limeisha kwenye Zamora.